Kichwa cha 103: nimekifunga kwenye betri ya pikipiki, kikavuta korosho

Haya wadau, habari za saa hizi. Niko Mtwara mjini, Chikongola, na hiyo kelele mnayoisikia nyuma ni jirani anachomelea geti, tuvumiliane. Leo hakuna simu wala spika. Leo nina treni. Ndiyo, treni, Mtwara hii hii ambayo haina hata taruma moja.

Subirini niisogeze kwenye mwanga. Mnaiona? Hiki ni kichwa cha treni ya umeme cha Ujerumani, aina ya 103, kilichopunguzwa mara 87. Kila sentimita moja unayoiona hapa, kule kwenye chuma chenyewe ni sentimita 87. Nimekiwekea rula: sentimita 22.4. Zidisha, unapata mita 19.5, na kweli huo ndio urefu wa vichwa vingi vya aina hiyo. Hapo kwenye vipimo sina ugomvi na aliyekitengeneza. Ugomvi upo mbele, na ndiyo maana chapa yake siitaji.

Nimekinunua mtandaoni, kimetumika, shilingi laki moja na themanini kabla ya usafirishaji. Kimefika Dar kwa ndugu yangu, akakifunga kwenye kanga mbili, kikapanda basi. Kimefika salama kasoro mkono mmoja wa juu, huu wa kudakia umeme kwenye waya, ulikuwa umepinda. Nimeunyoosha kwa kibano cha nyusi cha dada yangu. Hajui. Sasa anajua.

Kwa nini 103 na si kingine? Kwa sababu hiki ndicho kilikuwa baba lao. Vinne vya kwanza vya majaribio vilitoka mwaka 1965, kazi ya Henschel na Siemens, na mwaka huo huo kwenye maonyesho ya usafiri ya Munich vikawa vinapeleka abiria wa kawaida kutoka Munich hadi Augsburg kwa kilomita 200 kwa saa. Mwaka 1965! Baadaye, kati ya 1970 na 1974, vikatengenezwa vingine 145. Kila kimoja kina ekseli sita, kila ekseli na mota yake, uzito tani 114, na nguvu ya kudumu kilowati 7,440.

Hiyo namba haina maana mpaka uiweke barabarani. Bodaboda hizi zetu za kawaida zina kilowati kama 7 hivi. Kwa hiyo zipange bodaboda elfu moja kutoka hapa kuelekea Mikindani, zote gia ya kwanza, zote zimefungwa kamba moja, halafu sema "haya, twende". Hicho ndicho kichwa kimoja. Na hapo hakijatoa pumzi yake yote.

Nataka mshike hilo neno nililosema, nguvu ya kudumu. Mota ya umeme ina tabia moja: ukiibana, itakupa zaidi ya ilichoandikiwa, ila kwa dakika chache. Waliowahi kukaa na mashine ya kusaga wanaijua hiyo. Ukimimina mahindi mengi kwa mpigo haizimi, inanguruma tu, inasaga. Lakini weka mkono kwenye bodi baada ya muda uone. 103 ilikuwa hivyo hivyo. Kwa dakika chache ingeweza kuivuka ile 7,440 kwa mbali, na hapo ndipo ilipokuwa inatoka stesheni kama imefukuzwa. Kinachoua mota siyo kuvuta. Kinachoiua ni joto la kuvuta.

Sasa angalieni ubavu. Nasogeza kamera. Mnaona hizi grili za kupitishia hewa? Zipo safu mbili, ya juu na ya chini, zimeenda ubavu mzima. Vile vinne vya 1965 vilikuwa na safu moja tu. Walipokuja kutengeneza vingi wakaongeza ya pili, kwa sababu mzigo umeongezeka na mashine ndani inataka kupumua. Ukikutana na picha ya 103, hesabu safu za grili, utajua kama ni ya majaribio au ya kazi. Na kwenye hiki kidude nawapa heko, kila ufito wa grili umechongwa peke yake, ukipitisha ukucha unausikia. Rangi nayo iko sawa: juu maziwa yaliyotiwa chai kidogo, chini nyekundu ya damu ya mzee, rangi zile za treni za daraja la kwanza za Ulaya. Na hii pua ya mviringo siyo urembo, umbo lake lilipimwa kwanza kwenye handaki la upepo.

Kitu kimoja kimewapita. Kwenye chumba cha dereva wameweka kiti na kasanamu ka dereva, na kamekaa kwa raha zake. Kwenye chuma halisi madereva walibanwa mno humo ndani, mpaka vichwa 30 vya mwisho vikarefushwa sentimita 70 ili dereva apate nafasi. Huyu wangu yuko kwenye kile kifupi, alitakiwa magoti yawe kifuani.

Haya, sasa ugomvi. Siku ya kwanza nimekiweka kwenye reli, nimewasha, kimeenda nusu mzunguko, kikatoa cheche chini ya tumbo, kikasimama. Harufu nyumba nzima. Nimefungua, nikakuta kaboni, vile vipande vyeusi vinavyosugua na kupeleka umeme kwenye mota, zimeisha. Zimeisha kabisa, spring inagusa shaba. Muuzaji aliandika "kimejaribiwa, kinafanya kazi". Kilijaribiwa lini, mimi na wewe hatujui.

Nikaenda kwa fundi pale karibu na Soko Kuu, mzee anayefunga mota za feni na brenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea brenda?"

"Hapana mzee, ni treni."

Akakipokea, akakigeuza, akakinusa. "Hii ni brenda."

Na wadau, alikuwa sahihi kuliko alivyojua! Mota ya hiki kidude, mota ya brenda, na zile mota sita za 103 yenyewe, zote ni ukoo mmoja. Zote zinapeleka umeme kwenye kitu kinachozunguka kwa kukisugua na kaboni. Ndiyo maana reli za Ujerumani zinatumia umeme wa ajabu kidogo, volti 15,000 lakini mawimbi kama 16 na theluthi mbili tu kwa sekunde, badala ya 50 kama huu wetu wa TANESCO. Zamani walipoanza, mota kubwa za kaboni zikipewa umeme wa mawimbi 50 zilikuwa zinatoa cheche nyingi, zinajila zenyewe. Wakapunguza mawimbi. Nchi ikajengwa reli nzima juu ya hilo, na mpaka leo iko hivyo, ingawa mota za sasa hazina kaboni tena. SGR yetu, iliyoanza kupeleka abiria hadi Dodoma 2024, inatumia volti 25,000 na mawimbi 50, kwa sababu sisi tumeingia wakati ugonjwa wa kaboni umeshapona.

Mzee akachukua kaboni kuukuu ya drili, akaikata, akaisugua kwenye msasa, anapima kwa jicho, anapuliza, anasugua tena. Robo saa. Zimeingia kama zilizaliwa humo. Elfu tatu. Nikamwambia mzee hiyo bei ni ndogo, akasema nikikiharibu tena ndipo atanitoza ya treni.

Twende kwenye majaribio. Sina transfoma yake, kwa hiyo nimefunga betri ya pikipiki, volti 12, na kitufe cha kupunguza mwanga wa taa nilichokitoa kwenye taa ya zamani ya sola. Msiige kama hamna fyuzi. Mimi ninayo, hii hapa.

Kasi kwanza. Nimepima mita tatu za reli iliyonyooka, hapa sebuleni mpaka mlangoni. Betri kamili, kimezimaliza kwa sekunde tatu. Mita moja kwa sekunde, zidisha mara 87, halafu ibadilishe iwe kilomita kwa saa: 313. Huo ni uongo wa mtengenezaji. 103 kwenye kazi zake ilikwenda 200. Mwaka 1973 kimoja kilibadilishiwa gia kikapita 250 kwenye majaribio, na mwaka 1985 kimoja cha vile vinne vya zamani kikafika 283. Hakuna 103 iliyowahi kufika 313 hata ikisukumwa na shetani. Kwa hiyo kama ukikinunua, punguza umeme hadi kitembee mita moja kwa sekunde moja na nusu hivi. Hapo ndipo kinapendeza, hapo ndipo kinaonekana kizito.

Na kasi siyo mchezo. Julai 1971 treni iliyovutwa na 103 iliingia kona ya Rheinweiler, huko huko Ujerumani, ambako kikomo kilikuwa 75, ikiwa kwenye 140. Watu 23 walikufa. Ulishukiwa ule mfumo wa kushika kasi wenyewe bila mkono wa dereva. Chuma kikiwa na nguvu namna hii, hakikuambii kwamba kimezidisha, kinakwenda tu.

Sasa mzigo. Nina behewa moja la wazi, nimelijaza korosho ghafi, na nyuma nikafunga kisahani cha plastiki chenye magurudumu ya kigari cha mtoto, nacho korosho. Jumla kilo moja kasoro. Kichwa chenyewe nimekipima kwenye mizani ya dukani kwa Mama Mdogo, gramu 480. Kwa hiyo kinavuta mara mbili ya uzito wake. Tazameni... haya... kinaondoka. Polepole, lakini kinaondoka. Siri iko hapa chini: magurudumu mawili yamevishwa mipira ili yasiteleze. Kwenye kile halisi hakuna mpira wowote, ni chuma juu ya chuma, na tani 19 zinazokandamiza kila ekseli ndizo zinazoshika.

Nikaweka daftari chini ya reli, kiwe kama kilima. Kimepanda nusu, magurudumu yakaanza kusaga hewa. Nimetoa korosho kiganja kimoja, kimepanda. Nikakiacha kizunguke na mzigo huo dakika 20, nikaweka kidole juu ya paa. Moto. Siyo vuguvugu, moto. Na zile grili nzuri nilizozisifia? Zimezibwa kwa ndani, ni picha tu, hakuna hewa inayopita. Hapo ndipo namkatia mtengenezaji alama. Umechonga kitu kizima kinachosimulia habari ya joto, halafu ukaliziba tundu.

Yale yale yalivipata vile halisi, kwa njia yao. Mwanzoni vilichorwa kuvuta treni nyepesi za kifahari, tani 300 kwa kasi ya 200. Mwaka 1979 Wajerumani wakabadili ratiba: treni kila saa, kila daraja. Abiria wakaongezeka, mabehewa yakaongezeka, ikawa 103 inavuta hata tani 600, kutwa, kila siku. Viliweza. Lakini vilichakaa haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vikaanza kupokewa kazi na aina ya 101, ekseli nne tu, kilowati 6,400, mota zisizo na kaboni. Idadi yake nayo 145. Kwenye karatasi mgeni ni mdogo, lakini kinachoandikwa kwenye karatasi na kinachowezekana jioni baada ya kazi ya kutwa ni vitu viwili.

Babu yangu mzaa mama alikuja wakati najaribu. Yeye treni anaijua, alizaliwa upande wa Nachingwea, na ile reli ya mpango wa karanga wa Waingereza aliikuta inapita. Mwaka 1958 ilipofika Masasi alikuwa na miaka 10 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Amekaa kwenye mkeka, ameitazama hii ikizunguka mara tatu.

"Inabeba nini hii?"

"Abiria, babu. Kile cha kweli kilikuwa cha abiria."

"Abiria watupu?" Akatikisa kichwa. "Ya kwetu iliondoka kwa kukosa mzigo."

Nikamwonyesha korosho kwenye behewa. Akachukua mbili, akazitia mfukoni, akasema sasa inaeleweka. Na ile reli ya kutoka hapa hadi Mbamba Bay, ya makaa ya mawe na chuma, ambayo tumeisikia tangu niko shule, yeye hata hakuitaja.

Haya, ununue au usinunue? Kama unataka mdoli wa mtoto, hapana, kimekaa kama yai, mkono wa juu utakatika wiki ya kwanza. Kama unapenda vyuma na una fundi wa brenda karibu, chukua kilichotumika, lakini kabla hujalipa mwambie muuzaji akutumie video kikiwa kinavuta kitu, siyo kikiwa kinazunguka kitupu. Omba akupigie picha ya kaboni. Akikataa, achana naye. Reli nunua kando, zile zinazokuja na boksi ni nyembamba na zinapata kutu haraka kwa hewa yetu hii ya bahari, mimi zangu nazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kila Jumapili.

Simu inaita. Ni kaka, anaulizia betri ya pikipiki yake. Ngoja nifungue hizi nyaya kabla hajafika.