"Taboo" kwa Kiswahili: mwiko au haramu?

Neno "taboo" Waingereza walilipata kupitia baharia wao James Cook, aliyelisikia visiwa vya Tonga, bahari ya Pasifiki, mwaka 1777. Huko tapu ni kitu kilichotengwa, hakiguswi. Na tabu yetu haina udugu nalo, maana hiyo asili yake ni Kiarabu.

Haramu ina mwenyewe: dini. Ulevi, riba, nyama ya nguruwe. Ukiuliza sababu, shekhe atakusomea aya, na aliyekosea hutubu.

Mwiko hauna aya. Kufagia usiku, kupiga mluzi gizani: muulize bibi yeyote wa Wete, Pemba, atakujibu, "Haifai tu, mjukuu wangu." Akiuvunja mtu, huogopewa mkosi, au watu humtazama vibaya. Na Mwingereza naye hulitumia "taboo" hivyo hivyo, kwa mambo yasiyosemwa mbele za watu: mshahara wa mtu, ngono, kifo. Tena mwiko waweza kuwa na mwisho. Mganga hukukataza samaki fulani mpaka upone. Tonga nako tapu iliweza kuondolewa. Lakini haramu ya nguruwe haingojei mtu apone!

Mimi nafasiri mwiko. Haramu naitumia pale tu dini inapotajwa waziwazi, na katazo la serikali lina jina lake, marufuku.