Kabati la kukaushia la trei 24: linafaa nanasi la Kiwangwa, Bagamoyo, ila si kama kabati linavyotoka kwenye kreti

Kabati lenyewe ni lile la umeme linaloletwa kutoka China na kubandikwa jina lolote alitakalo mwagizaji. Ni boksi la steinlesi lenye mlango mmoja, kitoroli kimoja cha trei 24 za milimita 640 kwa 460, hita tatu za kilowati 3 kila moja, feni moja ya kuzungusha hewa na tundu la kutolea mvuke juu. Kwa mtu wa Bagamoyo anayekausha nanasi la kuuza, bodi yake ni nzuri, mlango unabana, na vipuri vyake ni vya kawaida. Kasoro ziko kwenye trei, kwenye kisanduku cha umeme, na kwenye maelezo ya muuzaji.

Tuanze na maelezo. Kibandiko kinasema kilo 60 kwa mkupuo mmoja. Uzito huo unaweza kukubalika kwa unga au punje, maana makabati ya namna hii hutumika sana viwanda vya dawa. Kwa nanasi ni hadithi. Trei 24 zinakupa mita za mraba 7 tu, na vipande vya milimita 6 hadi 8 vikitandazwa bila kupandana havizidi kilo 30, yaani kilo 1.25 kwa trei. Ukilazimisha zaidi, hewa haipiti, na trei za katikati zinachachuka kabla hazijakauka.

Trei zinazokuja nazo hazina matundu. Tunda linakauka upande wa juu tu, chini linakaa kwenye maji yake na kugandia. Ama ugeuze kila kipande baada ya saa 4, ama uagize trei za wavu. Wavu ni gharama, lakini kugeuza trei 24 kwa mkono kila siku ni gharama kubwa zaidi, na mlango ukikaa wazi muda wote huo joto linakimbia.

Sasa hewa, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Watu husema kabati haliwezi kazi pwani kwa sababu ya unyevu. Si kweli. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ikipashwa hadi nyuzi 60, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 17. Hiyo ni hewa kavu ya kutosha. Tatizo ni pale inapochukua maji ya nanasi kisha ikazungushwa tena na tena bila kutolewa. Kilo 30 za nanasi zina karibu kilo 25 za maji ya kuondoa, na yote lazima yapite kwenye lile tundu la juu. Mwendeshaji akilifunga “kutunza joto”, kioo cha mlango kinatoa jasho, matone yanajikusanya chini ya paa la kabati, na saa 6 baadaye nanasi bado bichi. Hapo anaongeza joto hadi nyuzi 80. Ngozi ya kipande inakuwa ngumu, maji yanabaki ndani, na wiki mbili baadaye pakiti inaota ukungu. Kosa lilikuwa tundu, lakini lawama inaiendea hita.

Mpango unaofaa ni huu. Pasha kabati tupu dakika 20. Ingiza kitoroli, weka nyuzi 65, tundu wazi kabisa kwa saa 3 hadi 4 za mwanzo. Kioo kikikauka, shusha hadi nyuzi 60 na ulifunge tundu mpaka ibaki robo, kwa sababu sasa mvuke ni mchache na hewa ya moto inayotoka ni umeme unaotupwa. Kila saa 2 au 3 zungusha trei: zilizo karibu na mkondo wa feni hutangulia kukauka, na tofauti hiyo haiishi hata ukirekebisha vibao vya kuelekeza hewa. Usikisie kwa kidole. Pima trei moja ile ile mwanzo hadi mwisho. Iliyoingia na gramu 1,250 za nanasi itolewe ikifika kama gramu 205, ambapo unyevu umebaki karibu asilimia 15. Kwa kawaida ni saa 12 hadi 14.

Likitoka, lipoe kisha lifungwe papo hapo. Nanasi kavu likiachwa mezani usiku mmoja kwa hewa ya bahari linarudi kunata, na kazi yote inaanza upya.

Umeme: kilowati 9 kwa fezi tatu ni ampea 13 kwa kila waya; kwa fezi moja ni 39, na hapo nyaya za nyumba ya kawaida zitakuambia ukweli haraka. Kuvukiza kilo 25 za maji peke yake kunahitaji kama yuniti 17. Kabati linapoteza mengine ukutani na kwenye tundu, kwa hiyo hesabu yuniti 40 hadi 50 kwa mkupuo, zidisha kwa bei yako ya LUKU, ndipo upange bei ya pakiti.

Baada ya kuunganisha, angalia feni inazunguka kufuata mshale uliochorwa. Feni ikizunguka kinyume bado inapuliza kidogo, ndiyo maana watu hawagundui. Hita zinakosa hewa, zinaungua, trei za mbali hazikauki. Dawa ni fundi umeme abadilishe waya mbili za fezi, dakika 5 tu.

Kisanduku cha umeme ndicho sehemu dhaifu. Hita zinawashwa na rilei ya kielektroniki, yaani swichi isiyo na sehemu inayosogea, na rilei hizi zikifa mara nyingi hufa zikiwa zimeungana: kidhibiti kinasema zima, hita inaendelea kuwaka. Toleo hili halina kinga nyingine. Funga thamostati ya usalama (swichi inayokata umeme joto likizidi) inayojitegemea, iliyowekwa nyuzi 85, ya aina inayorudishwa kwa kubonyeza kwa mkono, na ikate kontakta kuu, ile swichi kubwa inayopitisha umeme wa hita zote, isikate rilei. Pia hakikisha hita haziwezi kuwaka feni ikiwa imezimwa. Kila ukimaliza, zima hita na uache feni dakika 10.

Kupima hita ni rahisi. Zima umeme, fungua nyaya, weka mita: hita ya kilowati 3 kwa volti 230 isome karibu omu 17.6. Isiposoma kabisa, imekatika. Lakini baada ya masika, kabati lililolala miezi miwili huangusha breka ya umeme unaovuja na hita zikisoma vizuri tu. Unga mweupe uliomo ndani ya bomba la hita hunyonya unyevu wa hewa. Usizinunue mpya. Fundi azitoe, azikaushe kwa joto la nyuzi 100 hivi kwa saa kadhaa, apime tena kwa mega, mita ya kupima uvujaji wa umeme. Ikipita megaomu 1 zirudishwe. Kuondoa breka ili kabati liwake ni kumwekea mfanyakazi mtego.

Chumvi ya pwani hula chuma, kwa hiyo kagua steinlesi yenyewe. Sumaku ikishika kwa nguvu ukuta wa ndani, hiyo si steinlesi ya daraja la 304, ile inayostahimili kutu. Isiposhika bado hujathibitisha kitu, maana 201 ya bei poa nayo haishiki. Osha trei kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ziloweke dakika 20 sukari ilegee. Stilwaya inaacha chembe za chuma zinazoshika kutu, na dawa ya klorini ya kung’arishia nguo inatoboa steinlesi vishimo vidogo. Dagaa wa chumvi wana madhara yale yale, mbali na harufu inayohamia kwenye mpira wa mlango na haitoki. Anayetaka dagaa na nanasi anunue makabati mawili. Mpira wenyewe ujaribu kwa karatasi: ibane mlangoni, vuta, ikitoka bila kukataa, hapo panavuja.

Mwenye mwani wa Mlingotini, kijiji cha pwani ya Bagamoyo, hela yake aiweke kwenye vichanja. Mwani juu ya kichanja unakauka kwa siku 2 au 3 za jua, na bei yake haiwezi kubeba yuniti hizo.