Isimila kwa miguu, kwa jicho la fundi mwashi

Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga Iringa miaka kumi na tisa, na Isimila, korongo lenye mabaki ya Zama za Mawe, nilikuwa naipita tu. Ni kilomita 20 hivi kutoka mjini, njia ya Mbeya. Unakiona kibao, unasema siku moja. Jumamosi iliyopita mpwa wangu akanikokota.

Wengi huja kupiga picha na nguzo ndefu za udongo zilizosimama ndani ya korongo. Sawa, zinapendeza. Mimi lakini niliganda ukutani. Kuta za korongo zimekaa kama kozi za tofali: mchanga, mfinyanzi, mchanga tena wa punje kubwa, kokoto. Kijana aliyetuongoza alitueleza kwamba hapo palikuwa na ziwa dogo, maji yakileta tope na mchanga, tabaka juu ya tabaka. Baadaye mto ukaanza kukata yale yale yaliyolazwa na maji. Nikamuuliza, mbona nguzo zimesimama na jirani zake wameliwa? Akanionyesha kichwani mwa nguzo: kofia ya tabaka gumu. Hapo nikaelewa haraka, maana ukuta wa tope ukiufunika juu, mvua inautafuna ubavuni tu. Nikanyoosha kidole nikwangue. "Mzee, hapana, huo ni mchanga ulioshikana tu!" Aibu tupu, mimi ambaye nafokea vibarua wanaogusa lipu mbichi.

Mashoka ya mawe yamelala chini ya banda, pale pale yalipokutwa. Yaligunduliwa mwaka 1951, na mtafiti wa mambo ya kale Clark Howell akaja kuchimba mwaka 1957. Umri unaotajwa ni miaka kama 260,000. Liko moja la itale, pande zote mbili zimelingana, na aliyelichonga hakuwa na timazi wala pima maji. Nililizunguka mara tatu.

Nenda kabla ya saa tatu asubuhi, chini kule kivuli ni cha kubahatisha. Mvua ikitishia, ahirisha: korongo ni njia ya maji. Kijana wa kuwaongoza wageni usimkatae, bila yeye utaona mitaro tu. Na vaa viatu vya kufunga. Ndala yangu ilikatika kwenye mchanga, nikapanda kurudi mguu mmoja peku, mpwa anacheka njia nzima.

Nyota tano. Mwezi ujao nawaleta vibarua wangu wawili. Nataka walione shoka lile kabla hawajaniambia tena kona imepinda kwa sababu kamba ilikuwa fupi.