Diski Ilikwama Rais Akiulizwa Swali

Kwanza mwenye duka ajue: pesa yangu sijaisahau.

Mwezi uliopita, au ule wa kabla yake, sikumbuki vizuri ila mvua zilikuwa hazijakatika, nilinunua DVD za tamthilia The West Wing, misimu miwili ya kwanza, katika duka moja hapa Mombasa, si mbali na soko la Marikiti. Maboksi yenyewe, si zile za kuchomewa. Mtu ataniuliza mtu mzima anunua DVD za nini zama hizi na simu anayo mkononi. Jibu ni mamangu. Mamangu hatazami kitu kwenye simu, asema chamtia kisunzi. Na bando ninazonunua mimi haziwezi kumaliza episodi 44.

Kiingereza hajui, kwa hiyo mkalimani ni mimi. Nilidhani atalala usiku wa kwanza. Tamthilia ya siasa za Marekani, watu wazungumzao kama wafukuzwao, na yeye amekaa mkekani na uteo wake achagua mchele wa kesho. Hakulala.

Mimi kazi yangu ni mafaili, kule bandarini Kilindini. Natembea na karatasi za makontena kutoka ofisi hii hadi ile, na mazungumzo yote ni ya njiani, maana ukikaa kitako kuzungumza, mwenye mzigo alipishwa siku nyingine. Basi nilipowaona wale wa Ikulu ya Marekani wakifukuzana kwenye korido na mafaili kwapani, nilicheka peke yangu. Kumbe nao ni makarani. Kuwatafsiri ndiyo kazi. Sentensi yaanzwa na mmoja mlangoni, mwingine aimalizia ngazini, na jibu la mzaha hulitoa mtu wa tatu ambaye hukujua kama alikuwa akisikiliza. Mara tatu, mara nne narudisha nyuma. Hiyo ndiyo raha ya DVD, hakuna intaneti ya kukwama, warudisha utakavyo. Ukirudisha ndipo waona kwamba neno ulilolipita kama la kujazia lilikuwa limewekwa hapo kwa kazi ya baadaye. Aaron Sorkin, aliyeibuni na kuandika karibu episodi zote za misimu hiyo, hana neno la kutupa.

Ilipewa Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora miaka minne mfululizo, 2000 hadi 2003. Mimi nilisadiki siku uteo uliposimama. Rais ana katibu wake, Bi Landingham, mama wa makamo, mezani pake ana mtungi wa biskuti, na rais wa Marekani akitaka biskuti ni lazima aombe, na pengine anyimwe. Mamangu akampenda papo hapo. Halafu, msimu wa kwanza, siku za Krismasi, huyu mama amsimulia kijana mmoja wa pale ofisini habari za wanawe. Mapacha. Waliuawa Vietnam, mkesha wa Krismasi 1970, pamoja. Halii, hapandishi sauti, aeleza kama atoaye anwani.

Mamangu akauliza, "Wote wawili?"

"Wote wawili, mama."

Mkono ukabaki juu ya mchele hadi episodi ikaisha. Tangu usiku ule Rais Bartlet kwake si rais tena, ni yule tajiri wa Bi Landingham.

Sasa msimu wa pili, kuelekea mwisho, Bi Landingham anunua gari. Jipya, lake la kwanza la dukani. Ni siku ile ile alipolichukua, mlevi amgonga. Mimi nilishajua kwa sura ya mtu aliyeleta habari, nikawa nataka nisitafsiri. Mamangu hakungoja. "Inna lillahi." Akaniambia nitie diski ya mwisho sasa hivi, hata kama ni saa sita usiku.

Basi twende kwenye diski ya mwisho.

Rais ameficha ugonjwa wa mishipa ya fahamu, multiple sclerosis, wala hakuwaambia watu alipowaomba kura. Sasa limetoka, na wote wauliza: atagombea muhula wa pili au hatagombea? (Nilipomweleza mamangu kwamba kule muhula ni miaka minne, akasema, "Minne tu? Si barabara haijaisha hata kupimwa.") Mazishi yafanyika katika kanisa kuu. Watu wakishatoka, rais aagiza milango ifungwe, abaki peke yake, kisha aanza kusema na Mungu kwa Kilatini. Na chini ya picha hawakuandika tafsiri.

"Asema nini?"

"Sijui, mama. Kilatini hicho."

"Mimi najua. Amgombeza Mungu. Astaghfirullah." Kisha, polepole, "Ni uchungu huo."

Nimesoma maelezo marefu ya watu kuhusu onyesho hilo. Sijaona la kuzidi hilo la mama.

Kuna na kumbukumbu za ujana wa rais. Rais ni mvulana, babake ndiye mkuu wa shule, na Bi Landingham, bado kijana, amchokonoa aende akamwambie babake kwamba wanawake wa pale walipwa chini ya wanaume. Mvulana azunguka maneno. Mwishowe atia mikono mfukoni, atazama kando, atabasamu. Bi Landingham afurahi, kwa sababu kwa ishara ile ashajua kijana amekata shauri. Likumbuke hilo.

Usiku, mvua yamiminika, rais amelowa chepechepe mbele ya waandishi. Mmoja amuuliza: utagombea tena?

Picha ikaganda. Ikavunjika vipande kama vigae vya msalani, sauti ikawa kh, kh, kh, kisha giza.

Nilitoa diski nikaifuta kwa leso ya mama. Nikaipaka dawa ya meno, kama tulivyofundishana zamani. Deki ikanguruma, ikaitema. Mpaka karibu na alfajiri niko pale, na mamangu nyuma yangu akisema maneno ambayo sikuyasikiliza.

Nikarudi dukani. Kijana yuko kwenye kiti cha plastiki, ala viazi karai, kichwa hakuinua.

"Diski hii mbovu."

"Deki yako hiyo."

"Deki imecheza zote isipokuwa hii."

"Basi leta flashi nikutilie. CD siku hizi nani atazama, mzee?"

Mzee! Nina miaka 42. Akaichukua diski kwa vidole vile vile vya ukwaju na pilipili, akaiinua kwenye mwanga, alama za vidole zikajipanga juu yake nyekundu, tano, nazihesabu. "Yakwama wapi?" Nikamwambia: rais aulizwa kama atagombea. Akacheka kwa kiazi mdomoni. "Aa, si imeisha hapo. Hajibu yule. Hakuna ulichokosa." Akanirudishia.

Hakuna ulichokosa! Nilimwambia maneno ambayo mamangu angeyasikia angenitia pilipili mimi. Na matatu nzima hadi Kisauni nilikuwa naivunja ile tamthilia ubao kwa ubao. Uongo mtupu, nikasema. Serikali gani hiyo ya watu waungwana, washindanao usiku wa manane juu ya neno moja la hotuba, na wakisema uongo hawalali? Huku kwetu mtu asimama juu ya paa la gari, arusha fulana, hotuba imekwisha. Na hata hao wenyewe, nani duniani hupata jibu zuri kila anapolitaka? Mimi majibu yangu mazuri huja nikiwa nimeshashuka kwenye gari. Siku hiyo ungeniuliza, ningekwambia usinunue, ni Marekani yajipaka poda. Na sidhani kama nilikosea sana.

Lakini kazini kuna mwenzangu ambaye nduguye ni baharia, na boksi lile lile analo. Nikaliazima.

Kijana wa viazi alisema kweli. Rais hajibu. Amwomba mwandishi arudie swali. Leo McGarry, mkuu wa wafanyakazi wake, aliyechezwa na John Spencer, awaambia walio karibu watazame. Rais atia mikono mfukoni, atazama kando, atabasamu. Msimu umekwisha.

Nikakaa kimya, nikaona haya kidogo. Ila haya yenyewe hayakudumu. Maana neno sikukosa hata moja, nilikosa mikono! Na jibu ndilo hiyo mikono. Mwandishi amelipanda jibu tangu kwenye kumbukumbu za shule, akatuacha tulisahau, kisha akalivuna bila kutamka kitu, na mkwaruzo usiozidi ukucha umekula hapo hapo. Na wewe mwenye kuuza filamu waniambia hakuna nilichokosa! Ama hukuitazama, ama uliitazama ukila.

Mamangu alikuwa amekaa na uteo wake. "Sikukwambia?"

Na kweli aliniambia. Usiku ule nikiwa nasugua diski kwa dawa ya meno alisema, "Atagombea huyo, ngoja atie mikono mfukoni." Nilidhani anipoza tu.

Sasa ataka msimu wa tatu. Nimeuliza Mwembe Tayari, nimeuliza Kongowea, hakuna. Aliyenao ni yule yule kijana wa viazi. Kesho nikitoka kazini nitampitia. Salamu simpi. Na diski nitazijaribu zote hapo hapo dukani, hadi dakika ya mwisho ya ile ya mwisho, hata kama itambidi aagize sahani ya pili ya viazi.