Simu na afya ya akili: ununue nini, uache nini

Mwaka juzi nilimsindikiza mdogo wangu kliniki. Daktari akamuuliza, "Wiki mbili hizi umelalaje?" Akajibu, "Nalala vizuri tu, dokta." Nikamwomba afungue simu. Kalenda ya mwezi ya programu anayoandikia hisia zake ilionyesha siku nne mfululizo amelala kwa muda wa saa tatu tu kila usiku, na kila siku kachagua uso wa furaha tele. Daktari aliweka kalamu chini, akaanza kuuliza upya. Kwa mwenye ugonjwa wa bipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), usingizi ukipungua ghafla huku mwenyewe akijiona ana nguvu, hiyo huwa dalili kwamba hisia zinaanza kupanda.

Kwa hiyo mpangilio wangu wa programu na vifaa vya kufuatilia hisia na usingizi una kigezo kimoja: kipi kitakupa kitu cha kumwonyesha daktari, hata mwezi ambao huna hamu ya kufanya lolote?

Nafasi ya kwanza naipa Daylio, programu ya simu ya kuandika hisia. Ina nyuso tano, kuanzia hoi hadi raha kabisa. Unagusa mmoja, unaweka alama ya usingizi, dawa, kazi au ugomvi, basi. Haikulazimishi kufungua akaunti, haili bando, na kumbukumbu zinakaa kwenye simu yako. Ya bure inatosha. Usilipie kabla hujaijaza mwezi mzima. Iambatanishe na PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni kubwa), ambalo halilipiwi na tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Ni maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Ukifika 10, muone mtaalamu, maana alama peke yake haithibitishi kuwa una sonona. Swali la tisa linahusu mawazo ya kujidhuru: jibu lolote lisilokuwa sifuri, usingoje grafu, nenda hospitali leo, na usiende peke yako.

Ya pili ni ya wenye iPhone tu. Tangu toleo la mfumo la iOS 17 la mwaka 2023, programu ya Afya inakuandikia hisia za siku na ina PHQ-9 ndani yake, bila malipo. Mnunuzi wa simu ya mtumba awe macho: iPhone 8 na X hazipokei toleo hilo.

Ya tatu, bangili janja ya bei nafuu, kama za Xiaomi. Inafaa sana kwa anayesahau kuandika, kwa sababu inarekodi muda wa kulala na kuamka yenyewe. Amini saa za kulala na kuamka; hesabu zake za usingizi mzito ni makadirio kutokana na mapigo ya moyo na mtikisiko wa mkono, na alama ya "stresi" usiipe uzito. Simu nyingi za Android huzima programu ili kuokoa betri, kwa hiyo ingia kwenye mipangilio uiruhusu ifanye kazi nyuma ya pazia, la sivyo utaamka ukute siku tupu.

Pete ya Oura, inayopima usingizi ikiwa kidoleni, ni nzuri, naiweka ya nne kwa sababu ya gharama tu. Oura Ring 4 ilianzia dola 349, na kila mwezi unalipia tena karibu dola 6. Fedha hiyo nauli ya kliniki na dawa zinaihitaji zaidi.

Mkanda wa kichwani wa Muse unapima mawimbi ya umeme wa ubongo na husaidia kujifunza kutulia. Hautakuambia kama una sonona. Usiununue kwa kazi hiyo.

Na kabla ya kupakua chochote, angalia kinaomba ruhusa gani. Mwaka 2023 BetterHelp, huduma ya ushauri nasaha mtandaoni, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kuituhumu kuwapa Facebook na Snapchat taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo. Programu ya kuandika hisia haina haja ya kuona namba za watu wako wala mahali ulipo. Ikiziomba, ifute.