Galaxy A52 mikononi mwangu Lubumbashi tangu 2021: betri imebadilishwa, simu imebaki

Simu ninayoitumia ni Samsung Galaxy A52, ambayo niliinunua hapa Lubumbashi, Kongo, mwishoni mwa 2021, wakati bado tulikuwa tukikatwa kwenye uniti zetu kodi ya RAM, yaani kodi ya serikali ya kusajili simu, dola 7 kwa mwaka kwa kila simu ya 3G au 4G. Kodi hiyo iliondolewa mwaka uliofuata, lakini simu bado ninayo na sasa iko katika mwaka wake wa tano. Walimu wenzangu wameniuliza mara nyingi kwa nini sijaibadili, na wengine waliofikiria kununua ya aina hiyo iliyokwisha kutumika wameniuliza kama bado inafaa. Ninawajibu wote kwa pamoja hapa, kwa sababu nimeona watu wakiacha simu nzima kwa sababu isiyo na uzito, na wakiendelea kushikilia simu nyingine ambayo ingefaa kuachwa zamani.

Maoni yangu ni kwamba simu ya daraja hili inaweza kumfaa mtu wa mji wetu kwa miaka mitano bila shida kubwa, na kwamba kinachopaswa kumaliza safari yake si betri, wala kioo kilichopasuka, wala kutoka kwa toleo jipya. Kinachopaswa kuimaliza ni kukoma kwa masasisho ya usalama, yaani marekebisho ambayo mtengenezaji huitumia simu ili kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wangepitia, kwa kuwa siku hizi simu si chombo cha kuzungumzia tu, bali ndiyo mfuko wa fedha.

Nianze na yale ambayo hayajazeeka. Kioo chake cha inchi 6.5 bado ni angavu, na ninasoma maandishi madogo hata nikiwa nimesimama uani shuleni jua likiwa kali. Mimi hufundisha wanafunzi wa mwaka wa sita wanaojiandaa kwa mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na kazi kubwa ya simu hii imekuwa kupiga picha za mazoezi na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, kuzipanga na kuwatumia wanafunzi kwenye kikundi cha WhatsApp. Kamera ya nyuma, yenye megapikseli 64 na kinga dhidi ya mtikisiko wa mkono, inatoa maandishi yanayosomeka hata chumba kikiwa na mwanga hafifu, na kwa mwalimu hilo ni muhimu kuliko uzuri wa picha za sherehe. Hifadhi ya ndani ni ya GB 128, na ipo nafasi ya kadi ya kumbukumbu, ingawa nafasi hiyo inashirikiana na laini ya pili, hivyo mtu mwenye namba za mitandao miwili, kama tulivyo wengi hapa, hulazimika kuchagua kimoja. Tundu la spika za masikioni lipo, nami nalitumia kila siku.

Vumbi ni jambo la kulitaja kwa uzito. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hainyeshi, na vumbi jekundu la mji huu huingia kila mahali, kwenye nguo, kwenye madaftari na kwenye matundu ya chaja. A52 ilitoka kiwandani ikiwa na kinga ya daraja la IP67, maana yake vumbi haliingii ndani na maji ya kina cha mita 1 hayaidhuru kwa nusu saa. Simu niliyokuwa nayo kabla yake, ambayo haikuwa na kinga ya aina hiyo, ilianza kukataa chaja kabla ya kumaliza mwaka wa pili. Hii imepita misimu yote ya kiangazi bila kunisumbua. Hata hivyo, anayefikiria kuifungua ajue kwamba kinga hiyo inategemea gundi inayozunguka mfuniko wa nyuma, na fundi akiitoa gundi bila kuirudisha ipasavyo, kinga imekwisha. Tangu yangu ifunguliwe, siitoi nje mvua inaponyesha.

Sasa nije kwenye betri, kwa sababu hapo ndipo watu wengi huamua kununua simu nyingine. Betri ya A52 ina uwezo wa mAh 4,500, na ilipokuwa mpya ilinitosha kuanzia asubuhi hadi usiku bila wasiwasi. Betri zote za lithiamu huchoka kwa kujazwa na kumalizwa. Kwa miaka mingi kipimo cha kawaida kimekuwa kwamba betri ya simu ikishajazwa kikamilifu mara 500 hivi, inabaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Umoja wa Ulaya umeweka sheria iliyoanza kutumika Juni 2025, inayotaka betri za simu mpya zinazouzwa huko zifikishe mizunguko 800 kabla ya kushuka chini ya asilimia hiyo. Kwa hiyo betri inapodhoofika mwaka wa tatu si ugonjwa wa simu, ni umri wa sehemu moja tu ambayo kwa asili yake ni ya kubadilishwa, kama vile viatu vinavyobadilishwa soli.

Wataalamu hushauri kwamba betri isiachwe ikaisha kabisa, na isijazwe kupita asilimia 80 pasipo lazima. Ushauri huo ni sahihi, lakini ulitolewa kwa watu ambao umeme upo saa zote. Katika mitaa yetu umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaweza kukatika jioni ukarudi usiku wa manane, na mtu akiamka akaukuta, huchomeka simu na kuijaza mpaka mia, kwa sababu hajui kesho itakuwaje. Mimi hufanya hivyo hivyo na sioni aibu, kwa maana betri inayodumu mwaka mmoja zaidi haina faida kwangu ikiwa simu itazimika katikati ya siku ya kazi. Kinachowezekana kwetu ni kuiepusha na joto: isichajiwe chini ya mto, isiachwe juu ya dashibodi ya gari mwezi wa Oktoba, na ikianza kupata moto iondolewe kwenye chaja.

Ilipofika hatua ya simu kuzimika mchana, niliipeleka kwenye kibanda kimoja cha mjini, ambacho sitakitaja, nikawekewa betri iliyoandikwa maandishi yote ya kiwandani. Haikumaliza msimu mmoja wa mvua. Mfuniko wa nyuma ulianza kuinuka upande mmoja, kwanza kidogo kiasi cha kupitisha ukucha, kisha kioo chenyewe kikaanza kusukumwa kutoka ndani. Betri ilikuwa imevimba. Mtu akiona dalili hiyo asiendelee kuichaji simu hata kwa siku moja, na asijaribu kuibonyeza irudi, kwa sababu betri ya lithiamu ikitobolewa au ikikandamizwa inaweza kuwaka moto.

Fundi wa pili ni kijana anayefanya kazi karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nami niliomba kukaa nitazame. Alipasha mfuniko wa nyuma kwa hewa ya moto mpaka gundi ikalainika, akapitisha kipande chembamba cha plastiki pembeni mwote, akaondoa skrubu ndogo ndogo na kuzipanga juu ya karatasi kwa mpangilio uleule zilivyokaa ndani. Kabla ya kuigusa betri alichomoa kwanza waya wake. Kisha akadondosha spiriti chini ya betri, akasubiri, akaiinua taratibu kwa plastiki, hakutumia chuma hata mara moja. «Mama mwalimu, aliyeiweka hii aliibana na gundi ya viatu,» aliniambia, akanionyesha alama za njano zilizobaki. Betri mpya aliipima kwanza kwa mita yake mbele yangu, na akanipa wiki mbili za kuijaribu kabla ya kumlipa sehemu ya mwisho ya fedha. Fundi wa namna hii ni wa kushikwa kwa mikono miwili. Yote, betri na kazi, ilinigharimu dola 20, na tangu hapo simu hunifikisha jioni kama ilivyokuwa zamani. Ukilinganisha na dola mia mbili na zaidi ambazo ningetoa kwa simu mpya ya daraja hilo, hesabu haihitaji maelezo.

Ile iliyovimba aliiweka ndani ya bati lenye mchanga, na hilo lilinifurahisha, kwani nyingi nimeziona kwenye majalala. Sisi wa Katanga tuna sababu yetu ya kulijali jambo hili. Betri nyingi za simu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa nchini mwetu, sehemu kubwa ikitoka pande za Kolwezi. Malori yanayopita hapa kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tunayaona kila siku. Kila mtu anayebadili simu ambayo ingetengenezwa kwa dola 20 anaagiza madini mengine yachimbwe kwa jambo ambalo halikuwa la lazima, na waliopo karibu na mashimo hayo ni ndugu zetu.

Katika nchi kama Marekani, kwa muda mrefu watu walizoea kubadili simu kila baada ya miaka miwili, kwa sababu kampuni za mitandao ziliwauzia simu kwa bei iliyopunguzwa, nao wakafunga mkataba wa miaka miwili, na mkataba ukiisha wakapewa nyingine. Kampuni kubwa za huko ziliachana na mikataba hiyo kati ya 2013 na 2016, na watu walipoanza kuiona bei kamili ya simu, wakawa wanakaa nazo muda mrefu zaidi. Sisi bei kamili tumeiona tangu mwanzo. Hapa simu hulipwa fedha taslimu, mara moja, na mara nyingi inashindana na karo ya shule ya Septemba. Kwa hiyo miaka miwili si kipimo chetu na haikuwahi kuwa, na sielewi kwa nini vijana wetu wanaona haya kushika simu ya miaka mitatu.

Jambo ambalo limenifanya nifikirie upya ni masasisho. A52 ilitolewa Machi 2021 ikiwa na mfumo wa Android 11, na Samsung iliahidi matoleo mapya matatu ya mfumo na miaka 4 ya masasisho ya usalama. Ahadi imetimizwa: yangu imefika Android 14. Lakini miaka 4 kuanzia Machi 2021 imekwisha 2025, na tundu lolote la usalama litakalogunduliwa kuanzia hapo halitazibwa kwenye simu hii. Hakuna fundi anayeweza kulitengeneza hilo, hata awe hodari namna gani. Simu haionyeshi dalili yoyote, inafanya kazi kama jana. WhatsApp itaendelea kwa muda mrefu, kwa kuwa mwaka 2025 ilikuwa bado inakubali simu zenye Android 5, mfumo wa mwaka 2014. Watu huona WhatsApp inafunguka, wakadhani simu iko salama, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nilichofanya kwa sasa ni kutenganisha kazi. Laini yenye akaunti ya fedha nimeihamishia kwenye simu ndogo ya vitufe, maana huduma za fedha za mitandao yetu hufanya kazi kwa menyu ya namba bila intaneti. Nafasi iliyoachwa wazi kwenye A52 nimeiweka kadi ya kumbukumbu, na mitihani yote ya wanafunzi imepata mahali. Sipakui programu kutoka kwenye viungo vinavyosambazwa katika vikundi, na barua pepe ya kazi nimeiondoa humo. Kwa mpangilio huo simu bado itafanya kazi ya darasani kwa muda, lakini simshauri mtu ainunue leo kama simu yake ya pekee, hata akiikuta kwa bei nzuri na ndani ya katoni iliyofungwa.

Hilo la katoni ndilo ninalotaka wanunuzi walishike, kwa sababu madukani kwetu simu huweza kukaa miaka miwili tangu itoke kiwandani, ikauzwa kama mpya, na kweli haijaguswa. Miaka ya masasisho huhesabiwa tangu toleo lilipotoka sokoni mara ya kwanza, si tangu siku uliyolipa. Aliyenunua A52 mpya kabisa mwaka 2023 alipata miaka miwili tu ya ulinzi. Tena bei si kielelezo cha umri: Galaxy A16, ambayo ni ya daraja la chini kuliko yangu, ilitoka mwishoni mwa 2024 na ahadi ya miaka 6 ya masasisho, yaani hadi 2030, wakati A52 iliyokuwa ghali zaidi ilipewa miaka 4.

Mimi nitakaponunua nyingine, nitaanza kwa kuuliza mwaka wa toleo, kisha kabla ya kutoa fedha nitamwomba muuzaji aiwashe, nifungue mipangilio, niingie kwenye taarifa za programu na nisome tarehe ya sasisho la usalama la mwisho. Ikiwa tarehe hiyo ni ya zamani na simu, hata ikiunganishwa na intaneti pale pale dukani, haipati jipya, nitamrudishia katoni yake nikamshukuru.