Kliniki ya fizio huku Kilimani, kwa wenye watoto wa densi

Wazazi wenye watoto wa baleti someni hii. Binti yangu ana miaka 14, mguu ulikuwa unamuuma juu ya wayo pale katikati, akitoka mazoezi anachechemea. Kwingine tulipiga eksirei, wakasema hakuna kitu, tukapewa dawa za maumivu basi.

Hapa fizio alibonyeza mfupa polepole na kidole kimoja mpaka akafika kasehemu kadogo mtoto akaruka. Halafu akaanza maswali, na hapo ndipo nikawapenda kabisa. Asubuhi ulikula nini? Kabla ya mazoezi je? Hedhi inakuja kila mwezi ama imepotea? Ilikuwa imepotea. Akatueleza ufa mdogo wa mfupa unaweza usionekane kwa eksirei wiki za kwanza, akatutuma MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, na kweli ufa ulikuwepo, mfupa wa pili wa wayo, mahali wacheza baleti huumia sana.

Siku hiyohiyo tukaonana na mtu wa lishe. Alimpima uzito akiwa ameipa mizani mgongo, asione namba, na hakutaja neno unene hata mara moja. Akatueleza, chakula kisipotosha kazi mwili unayofanya, mwili unaanza kubana matumizi, homoni zinashuka, hedhi inapotea na mfupa haujijengi vizuri, na huu ndio umri wa kuujenga. Kamati ya Olimpiki iliipa hiyo hali jina RED-S mwaka 2014, hata wavulana hupata. Hakutuuzia mikebe ya poda, alisema maziwa, mala, omena, uji wa wimbi, na ugali asiuogope, kalsiamu ifike miligramu 1,300 kwa siku, na kwa begi kusikose ndizi na karanga za kula kabla ya darasa. Sasa anakula bila kuchungulia sahani ya mwenzake, hiyo peke yake kwangu ni kubwa.

Ubaya ni Jumamosi kunajaa vibaya, MRI inafanywa kwingine, na mtu wa lishe bima yetu haikumlipia, nililipa mfukoni na sio pesa kidogo. Bado ningerudi. Pigeni simu kliniki mapema muombe siku ya katikati ya wiki, na mbebe viatu vya mtoto vya kuchezea, fizio atataka kuviona.